Sukari Yenye Ncha Moja: Kibebeo cha Dawa Kinavyojijenga Majini

Mgonjwa anayetundikiwa dripu ya paklitakseli, dawa ya saratani ya matiti na ya ovari, huanza kwa kupewa dawa nyingine zisizo na ugomvi wowote na saratani: steroidi na dawa za kuzuia mzio. Sababu yake ni mafuta. Paklitakseli haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ili ipite kwenye mshipa, watengenezaji waliiyeyusha ndani ya ethanoli pamoja na Cremophor EL, kiyeyushi kinachotokana na mafuta ya mbarika. Kiyeyushi hicho ndicho kinacholaumiwa kwa sehemu kubwa ya mzio mkali unaoweza kumpata mgonjwa dakika chache baada ya dripu kuanza kushuka. Mbebaji wa dawa ameleta maradhi yake mwenyewe.

Wanakemia wana jibu moja ambalo limeshafika hospitalini. Huunga minyororo miwili ya molekuli, ncha kwa ncha: mmoja unapenda maji, mwingine unayakimbia. Kiunge hicho huitwa kopolima ya vitalu. Ukikitia majini, vitalu vinavyokimbia maji hujificha ndani kwa pamoja, vile vinavyoyapenda hubaki nje, na dawa isiyopenda maji hupata mahali pa kukaa katikati. Korea Kusini imekuwa ikitumia paklitakseli ya namna hiyo, Genexol-PM, isiyo na mafuta ya mbarika hata tone. Kitalu chake kinachopenda maji ni polima ya viwandani iitwayo polietilini glikoli.

Mwaka 2009 Clément Schatz, Sébastien Lecommandoux na wenzao wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha katika jarida la Angewandte Chemie kopolima ambayo mahali pa polima hiyo wameweka sukari. Nje ni dekstrani, ndani ni mnyororo wa asidi amino, na vikitiwa majini vinajijenga kuwa vifuko vyenye uwazi ndani, ambavyo wao wenyewe walivilinganisha na ganda la kirusi. Wasomaji wengi wa habari za aina hii huvutiwa na neno hilo, kujijenga, kana kwamba ndipo penye maajabu. Ukiifuata kazi hatua kwa hatua, unaona kwamba maji yanapoingia mambo yote yameshaamuliwa. Kazi ilifanyika kwenye kiungo.

Kwa nini sukari

Polietilini glikoli ni bubu. Hakuna kipokezi cha mwili kinachoitambua, na hiyo ndiyo sifa iliyoipa ajira: chembe iliyovikwa polima hiyo huzunguka kwenye damu kwa muda mrefu kabla seli za ulinzi hazijaikamata. Lakini imeshadhihirika kwamba baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi yake, na kwa watu hao dozi ya pili inaweza kuondolewa haraka kuliko ya kwanza. Tena ububu una hasara yake. Chembe isiyotambulika na yeyote haitambuliki hata na seli ya saratani inayokusudiwa.

Sukari ni lugha ambayo seli zinaijua. Uso wa kila seli ya binadamu umefunikwa na minyororo ya sukari, na juu ya seli kuna vipokezi vinavyosoma sukari za wengine. Seli za ini hushika galaktosi. Seli nyingi za saratani zina wingi wa kipokezi CD44, ambacho hushika hialuronani, ile sukari ndefu iliyo kwenye maji ya magoti na kwenye ngozi. Ukivika chembe koti la sukari, umeipa ulinzi wa majini na anwani kwa wakati mmoja.

Dekstrani ilikuwa chaguo la kuanzia lenye busara. Ni mnyororo wa glukosi tupu unaotengenezwa na bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides. Watu wa viwanda vya sukari wanamfahamu vizuri kwa ubaya wake: miwa ikishakatwa na kuchelewa kufika kiwandani, bakteria huyo huila sukari na kuacha utelezi mzito unaoziba vichujio na kuharibu fuwele. Utelezi huo ndio dekstrani. Katika miaka ya 1940 Wasweden waligundua kwamba ikikatwakatwa kwa kipimo na kusafishwa, inaweza kutiwa kwenye mshipa wa mtu aliyepoteza damu ili kushikilia kiasi cha maji ya damu. Tangu hapo chupa za Dextran 40 na Dextran 70 zimeingia mahospitalini, na tabia zake mwilini, nzuri na mbaya, zimeandikwa kwa miongo mingi. Mtafiti anayeanza na dekstrani anaanza na kitu ambacho madaktari wanakijua.

Mikono 120, ncha moja

Ugumu unaanza mtu anapotaka kuiunga. Chukua mnyororo mfupi wa glukosi 40. Kila glukosi iliyo katikati ya mnyororo ina vikundi vitatu vya haidroksili vilivyo wazi, kwa hiyo mnyororo mzima una takriban 120. Vyote vinafanana na vyote viko tayari kwa mmenyuko. Ukileta molekuli ya kuungwa na kuiachia ijichagulie mahali, itashika popote, na mnyororo mmoja utashika nne huku mwingine hauna hata moja.

Wapo waliokubali hali hiyo na kuitumia. Mwaka 1993 Kazunari Akiyoshi na wenzake wa Japani walipachika kolesteroli chache ubavuni mwa sukari iitwayo pululani, moja au mbili tu kwa kila glukosi 100, na majini minyororo hiyo ikajifunga kuwa mabonge laini ya nanomita 20 hadi 30. Mabonge hayo yamebeba protini hadi kwenye majaribio ya chanjo za saratani. Lakini bonge si kifuko. Ili upate ukuta wenye ndani na nje, kila mnyororo lazima uwe na sura moja: sukari upande huu, kitu kinachokimbia maji upande ule, na kiungo kimoja kati yao.

Bahati ni kwamba mnyororo wa sukari hauna ncha mbili zinazofanana. Glukosi ya mwisho upande mmoja imebaki na uwezo wa kufungua pete yake na kuonyesha kikundi cha aldehidi. Aliyesoma biolojia sekondari ameshaiona ncha hiyo ikifanya kazi, pengine bila kuambiwa. Jaribio la Benedict, lile la kuchemsha sukari pamoja na kimiminika cha buluu hadi kigeuke rangi ya tofali, ni aldehidi hiyo ikiipa shaba elektroni. Wanafunzi hufundishwa kwamba glukosi hubadili rangi na wanga haubadili. Ukweli ni kwamba wanga nao una ncha hiyo, ila ni moja kwa glukosi mamia au maelfu, kiasi ambacho jicho halioni mabadiliko.

Uchache huo unaomkatisha tamaa mwanafunzi ndio unaomfaa mwanakemia wa Bordeaux. Haidroksili ni 120, aldehidi ni moja. Ukitafuta mmenyuko unaoitaka aldehidi na kuziacha haidroksili, umepata mahali pamoja tu pa kuunga, mahali pale pale kwa kila mnyororo, na wala hukuhitaji kuzifunika haidroksili zote kisha kuzifunua.

Mmenyuko huo ni wa amini. Dekstrani huwekwa kwenye maji yenye asidi kidogo pamoja na propajilamini, molekuli ndogo yenye amini upande mmoja na kiungo cha utatu cha kaboni upande wa pili. Amini hushika aldehidi, kisha sianoborohidridi ya sodiamu hukifunga kiungo kisiachie tena. Kazi hii haina haraka. Glukosi majini hupenda kukaa ikiwa pete, na wakati wowote ni chini ya moja kwa mia ya ncha zilizo wazi. Kila ncha inayofunguka na kushikwa huondoka kwenye hesabu, nyingine hufunguka kujaza pengo. Ndiyo maana mchanganyiko huachwa kwenye joto siku kadhaa, na propajilamini hutiwa kwa wingi kuliko inavyohitajika. Mwishowe dekstrani yote ina mkia mmoja mdogo wenye kiungo cha utatu.

Kitalu cha pili na shaba iliyorudi

Kitalu kinachokimbia maji kilitengenezwa mbali na sukari, kwenye chombo kikavu. Malighafi yake ni asidi ya glutamiki, ile ambayo chumvi yake huuzwa madukani kama kiungo cha kuongeza ladha ya mchuzi. Hapa asidi hiyo imevishwa kikundi cha benzili, ambacho kinaiondolea mapenzi yake ya maji, na kufungwa kwenye pete inayofunguka ikiguswa na amini. Mwanzishaji ana amini upande mmoja na azidi, yaani naitrojeni tatu mfululizo, upande mwingine. Amini hufungua pete ya kwanza, pete hiyo huacha amini mpya, nayo hufungua ya pili, na mnyororo hukua pete kwa pete. Unyevu ukiingia, maji nayo huanza kufungua pete na hesabu ya urefu huvurugika. Hapo pana sababu ya kutokiotesha kitalu hiki moja kwa moja juu ya sukari, kwa kuwa dekstrani ni kitu kinachong'ang'ania unyevu.

Sasa kuna minyororo ya aina mbili: sukari yenye kiungo cha utatu, na polipeptidi yenye azidi. Viwili hivyo vikikutanishwa mbele ya shaba yenye chaji moja, hufungana kuwa pete ya pembe tano isiyovunjika kirahisi, na havigusi kitu kingine chochote. Kuingiza shaba kwenye mmenyuko huu kuligunduliwa mwaka 2002 na makundi mawili yasiyotegemeana, la Morten Meldal wa Denmark na la Barry Sharpless wa Marekani, na mwaka 2022 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Carolyn Bertozzi. Sifa ya mmenyuko huu kwa kazi yetu ni uaminifu. Kwenye minyororo mirefu ncha zote mbili ni adimu, na mmenyuko mzembe ungeacha nusu ya sukari bila mwenza.

Palikuwa na swali la mahali pa kukutania. Dekstrani inataka maji, polipeptidi hii inataka kuyakimbia. DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji kwa kiwango chochote, huzipokea zote mbili, na humo ndimo zilimoungwa. Kwa hialuronani ambayo kundi hilo liliichukua baadaye, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ina chaji hasi katika mwili wake wote na kwa kawaida huyeyuka majini tu. Dawa yake inayojulikana ni kuiondoa sodiamu inayofuatana nayo na kuweka ioni kubwa yenye mikono ya kaboni, tetrabutilamonia. Mwenzi akibadilika, sukari hukubali kuyeyuka ndani ya DMSO.

Shaba yenyewe lazima iondolewe kabla ya kitu hiki kukaribia seli, maana ni sumu kwao. Husafishwa kwa kutumia EDTA inayoikumbatia ioni ya metali, pamoja na mfuko wa utando mwembamba unaopitisha vidogo na kuzuia minyororo mirefu. Atakayetaka kupeleka kazi hii kiwandani atatakiwa kuthibitisha usafi huo kundi kwa kundi la uzalishaji.

Hesabu kabla ya maji

Ni kwa nini itoke mifuko yenye uwazi badala ya matufe yaliyojaa? Jibu linaweza kukadiriwa kwa kalamu. Glukosi iliyo ndani ya mnyororo ina uzito wa 162, kwa hiyo 40 zina 6,480. Kila kiungo cha polipeptidi yenye benzili kina uzito wa 219. Tukichukua 60, ni 13,140. Jumla ni 19,620, na sehemu inayopenda maji ni asilimia 33. Kanuni iliyotolewa na Dennis Discher na Adi Eisenberg mwaka 2002 inasema kopolima ambayo sehemu yake inayopenda maji iko karibu na asilimia 35, kumi juu au chini, huelekea kutengeneza vifuko. Ikizidi 45, kichwa huwa kipana kuliko mkia, na yanatoka matufe madogo yaitwayo misela.

Polipeptidi inaongeza jambo la pili. Mnyororo wake haulegei kama uzi. Hujisokota kuwa hesi ngumu, nanomita 0.15 kwa kila kiungo. Viungo 60 ni fimbo ya nanomita 9. Fimbo hupenda kulala ubavu kwa ubavu, na fimbo zikilala ubavu kwa ubavu zinatengeneza ukuta. Uwiano na ugumu vinasukuma upande mmoja.

Baada ya hayo, maji. Kopolima iko ndani ya DMSO, na maji huingizwa huku mchanganyiko ukikorogwa. Kila tone linapunguza ukarimu wa kiyeyushi kwa fimbo, na inafika hatua zinaanza kukusanyika. Anayepika kwa tui la nazi anajua kwamba moto na mwiko ndivyo vinavyoamua kama mafuta yatabaki yametawanyika au tui litakatika. Hapa kasi ya maji na ya kukoroga ina mamlaka ya namna hiyo hiyo juu ya ukubwa wa vifuko. DMSO huondolewa kupitia utando, na kinachobaki ni kimiminika chenye ukungu mwepesi.

Utajuaje kwamba kilichomo ni kifuko? Kuna kipimo kizuri kinachotumia mwanga wa leza na hakihitaji kuivunja chembe. Mwanga unaotawanywa huleta namba mbili. Moja hutokana na jinsi chembe inavyotikisika majini, na hueleza ukubwa wake wa nje. Ya pili hutokana na mwanga unavyopungua pembe kwa pembe, na hueleza uzito wa chembe umekaa umbali gani kutoka katikati. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Tufe lililojaa hutoa 0.775. Tufe tupu lenye ukuta mwembamba hutoa 1, kwa kuwa uzito wote uko pembeni. Hivyo namba mbili, zilizopimwa kwa kimiminika kile kile, zinaonyesha uwazi usioonekana.

Mwilini, ambako mengine yaliamuliwa pia

Kundi la Bordeaux halikuishia kwenye dekstrani. Wakishirikiana na watafiti wa India, walitengeneza vifuko vya hialuronani na polipeptidi ile ile, wakavijaza doksorubisini, dawa ya saratani, na mwaka 2010 wakatoa matokeo ya seli za saratani ya matiti na ya wanyama wenye uvimbe. Hoja ilikuwa CD44: koti la hialuronani lishikwe na kipokezi chake, na seli ikimeze kifuko pamoja na mzigo.

Lakini maabara si damu. Chembe iliyojijenga inashikiliwa na nguvu dhaifu nyingi, na nguvu dhaifu zinaweza kuachia. Mfano uliofika mbali zaidi kwa binadamu unatoka Caltech, Marekani, kwa Mark Davis. Polima yake ilikuwa na pete za siklodekstrini, yaani glukosi saba zilizofungwa duara, pamoja na chaji chanya zilizoshika RNA fupi ya kuzima jeni. Vipengele vilichanganywa, vikajijenga kuwa chembe za nanomita 70 hivi. Majaribio yalianza 2008, na mwaka 2010 jarida la Nature likachapisha ushahidi kwamba chembe hizo zilifika ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya ngozi na kwamba RNA lengwa ilikatwa pale ilipotarajiwa. Jambo hilo halikuwahi kuonyeshwa kwa binadamu kabla ya hapo.

Hata hivyo chembe ziliondoka kwenye damu haraka mno. Chembe ya nanomita 70 haipaswi kupenya chujio la figo. Mwaka 2012 maabara hiyo hiyo ilionyesha, kwa kutumia panya, kilichokuwa kikitokea: utando wa chujio la figo una heparani salfeti, sukari yenye chaji hasi kali, nayo iliivuta polima chanya na kuisambaratisha chembe papo hapo. Vipande vilipita kwenda kwenye mkojo.

Vifuko vya Bordeaux havishikiliwi na chaji, kwa hiyo mtego huo hasa hauvihusu. Vina mwingine, nao umetokana na ile sifa iliyowafanya watafiti waichague sukari. Hialuronani ikiingia kwenye damu hukaa dakika chache tu, kwa sababu seli zinazopamba mishipa midogo ya ini zina kipokezi chake na kazi yao ni kuiondoa. Mwili wa mtu mzima una gramu 15 hivi za hialuronani na hubadilisha karibu theluthi yake kila siku. Koti linalosomeka kwa seli ya saratani linasomeka pia kwa ini, na ini liko njiani na lina uzoefu.

Dekstrani iko upande wa pili wa mizani: haina wa kuikimbilia mara moja, na haina wa kuipokea kwenye uvimbe. Anayetaka mzunguko mrefu ataichukua hiyo na kutegemea mishipa inayovuja ya uvimbe. Anayetaka anwani atachukua hialuronani na kukubali kwamba sehemu ya dozi itaishia inini, kisha apime kama iliyobaki inatosha, na kama ini linavumilia doksorubisini iliyolifikia. Uamuzi huo hausubiri panya wala mgonjwa. Unafanyika siku mtafiti anapochagua sukari ipi itakayokaa na propajilamini kwenye chupa, kama vile uamuzi wa kifuko au misela unavyofanyika anapochagua urefu wa mnyororo.